Laptopu tano kwa mwanafunzi wa ubunifu: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, MacBook Air M1, ThinkPad P52 na Victus 15

Mwanzoni mwa muhula niliongozana na wasichana wawili kwenda Kariakoo kutafuta laptopu. Mmoja ni mpwa wangu, ameanza stashahada ya usanifu wa picha: nembo, vifungashio, mabango, kurasa za majarida. Mwingine ni mwenzake wa chumbani hosteli, yuko mwaka wa pili wa usanifu majengo. Mpwa wangu alikuwa na laki nane. Mwenzake, baada ya kaka zake kuchangishana, alikuwa na milioni moja na nusu. Wote wawili walitoka nyumbani na ushauri ule ule: nunua Core i7 (jina la prosesa ya Intel, ubongo wa kompyuta), usikubali chini ya hapo.

Duka la kwanza lilikuwa na Core i7 tele. Kijana wa dukani akamshikisha mpwa wangu moja. “Dada, hii i7, utamaliza nayo chuo bila kero.” Nikaiwasha na kufungua taarifa za mfumo: i7-4600U, kizazi cha nne, viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), prosesa iliyotoka mwaka 2013. Pembeni yake ilikaa nyingine yenye i5-8350U, viini vinne, na bei zilikaribiana sana. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuhesabu noti za ile ya kwanza.

Nimeona wanafunzi wengi wakilipia kibandiko cha i7, kisha wanakaa muhula mzima wakisubiri faili lifunguke. Inaniuma, kwa sababu ile ni fedha ya mzazi aliyeuza kitu. Kwa hiyo nalinganisha hapa laptopu tano ambazo mwanafunzi wetu anakutana nazo kweli akiingia madukani, Dar es Salaam au Nairobi: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, MacBook Air ya M1, Lenovo ThinkPad P52 na HP Victus 15. Nne za kwanza mara nyingi zinauzwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Victus unaweza kuipata mpya ya kwenye boksi.

Uliza kwanza darasani wanafungua nini

Kabla hujataja jina la laptopu yoyote, pata orodha ya programu za kozi yako, za mwaka huu na za mwaka ujao. Muulize mwanafunzi aliyekutangulia mwaka mmoja. Yeye anajua ni programu ipi ilimfanya akeshe.

Photoshop, Illustrator na InDesign zote zinataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 8, na Adobe wenyewe wanapendekeza GB 16. Nane itakufungulia Photoshop. Tatizo linaanza unapokuwa na Photoshop, na Illustrator, na kivinjari chenye tabo ishirini za mifano uliyokusanya, na bango la mita tatu lenye tabaka sitini. Hapo nane haitoshi, na hakuna prosesa itakayokuokoa. Lakini programu hizi hazidai kadi kubwa ya grafiki. Intel UHD 620, ile grafiki ya kawaida iliyomo ndani ya prosesa za kizazi cha nane, inazibeba kazi nyingi za nembo, vitabu na mabango. Figma ndiyo nyepesi zaidi, inafanya kazi ndani ya kivinjari.

Ukiingia kwenye video na picha zinazotembea, hali inabadilika. After Effects inaanzia GB 16 na inapendekezewa 32. Premiere Pro inaanzia 8, lakini kwa video za HD ipe 16.

Usanifu majengo ni ulimwengu mwingine kabisa. AutoCAD ya michoro bapa haisumbui. Revit, ya kujenga modeli nzima ya jengo, inadai GB 16 kwa kuanzia. Lumion, ambayo wanafunzi wanaitegemea kwa picha za mwisho za jengo, inataka kadi ya grafiki inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Ukiwa na UHD 620 usijisumbue. Na Revit, 3ds Max na Lumion zote tatu ni za Windows. Sentensi hiyo moja inaiondoa MacBook kwa msanifu majengo, hata kama ameipenda kiasi gani.

Kwa nini kizazi cha nane

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inaanzia kizazi cha nane. Kuna mafundi wanaoiingiza kwenye mashine za zamani kwa njia za panya na inawaka, lakini unabaki na mashine ambayo Microsoft hawaitambui, na mwanafunzi hana muda wa kuhangaika na masasisho wiki ya kukabidhi kazi.

Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Katika laptopu nyembamba za ofisini, kizazi cha nane ndicho Intel walipotoka viini viwili kwenda vinne. i5-7300U ina viwili, i5-8350U ina vinne. Ndiyo maana i5 ya kizazi cha nane inaiacha mbali i7 ya kizazi cha nne.

Kusoma namba ni rahisi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-8350U ni ya nane, i7-1165G7 ni ya kumi na moja. Herufi U maana yake prosesa inayokula umeme kidogo, H ni ile yenye nguvu na joto. Kwa HP EliteBook 840, G5 ndiyo inayoleta kizazi cha nane, G3 na G4 ziko nyuma yake. Kwa Dell Latitude ya daraja hilo ni 7490, siyo 7480. Kwa ThinkPad ni T480, siyo T470. Pamoja na hayo, usinunue kwa jina lililoandikwa kwenye mfuniko. Washa, bofya, soma prosesa kwa macho yako.

Kwa macho tu, zikikaa pamoja

| | T480 | 840 G5 | MacBook Air M1 | P52 | Victus 15 |
|---|---|---|---|---|---|
| Ilipotoka | 2018 | 2018 | 2020 | 2018 | 2022 |
| Viini | 4 | 4 | 8 | 6 (i7-8750H) | 6 (Ryzen 5 5600H) |
| RAM | sloti 2 | sloti 2 | haiongezeki | sloti 4 | sloti 2 |
| Grafiki | UHD 620 | UHD 620 | ndani ya chipu ya M1 | Quadro P1000 au P2000, GB 4 | GTX 1650, GB 4 |
| Chaja | wati 45 au 65 | wati 45 au 65 | wati 30 | wati 170 | wati 150 |
| Uzito, kuanzia | kilo 1.58 | kilo 1.48 | kilo 1.29 | kilo 2.45 | kilo 2.29 |

Bei sikuziweka kwenye jedwali kwa makusudi. Zinapanda na kushuka na dola, na laptopu mbili za jina moja zinatofautiana kwa betri, kwa kioo na kwa mikwaruzo. Ninachoweza kusema ni mpangilio niliouona siku ile: T480 na 840 G5 zilikaa chini, zikikaribiana, Air M1 ilivuka milioni moja, P52 ilikuwa jirani na Air au juu yake kidogo, Victus mpya ilikuwa juu kuliko zote.

T480 na 840 G5

Kwa wanafunzi wengi wa usanifu wa picha, uchaguzi wa kweli uko kati ya hizi mbili.

Ndani zinafanana mno. Prosesa zile zile, grafiki ile ile, RAM ya DDR4 kwenye sloti mbili. Ukifungua mfuniko wa chini unafika kwenye RAM na SSD (diski ya kuhifadhia) bila kubandua chochote cha hatari. Hili ndilo linalozifanya zimfae mwanafunzi: unanunua leo ikiwa na GB 8, na mkopo ukitoka unaongeza kijiti kingine cha 8. Tena vijiti viwili vina faida ya ziada hapa. UHD 620 haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta, na vijiti viwili vinavyofanya kazi pamoja vinaipa njia pana zaidi kuliko kimoja. Kwa hiyo 8 na 8 ni bora kuliko 16 ya kijiti kimoja. Dukani fungua Task Manager, sehemu ya Memory, itakuambia sloti ngapi zimejaa.

Hapa angalia herufi. T480s, yenye s ndogo mwishoni, ni laptopu nyingine: sehemu ya RAM imechomelewa na sloti imebaki moja. T490 nayo ni hivyo hivyo. X280 na X1 Carbon zimechomelewa zote. Zikija na 8 zitakufa na 8. Ni laptopu nzuri, nyepesi, zinapendeza mkononi, na kwa mwandishi wa ripoti hazina neno. Kwa mbunifu, X280 ya GB 8 ni kujifungia mlango.

T480 inaishinda 840 G5 kwenye umeme. Ina betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma inayochomoka. Unaweza kuchomoa ya nyuma na kuweka iliyojaa huku kompyuta inaendelea kufanya kazi kwa betri ya ndani. Betri ya nyuma ikichoka baada ya mwaka unanunua nyingine na kuibonyeza, bila fundi. Ina pia tundu la HDMI la kawaida na sehemu ya kadi ya kamera, vitu viwili ambavyo mwanafunzi anavihitaji wiki ya maonyesho kuliko anavyodhani.

Udhaifu wake mmoja haumo kwenye matangazo ya wauzaji. ThinkPad kadhaa za miaka ile zilitoka na hitilafu kwenye programu ya ndani (firmware) ya Thunderbolt, teknolojia iliyo kwenye tundu la USB-C, na ikiachwa bila kusasishwa inaweza kuua tundu la USB-C, ambalo ndilo la kuchajia. Lenovo walitoa sasisho la kurekebisha. Kwa hiyo ukiwa dukani chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C na uone inachaji kote kuwili, kisha siku hiyo hiyo ukifika nyumbani weka masasisho ya Lenovo. Tundu moja likigoma pale dukani, irudishe kabla hujatoka.

840 G5 ni nzuri zaidi kuitazama. Mwili wa alumini, nyembamba, nyepesi kidogo, na betri yake iko ndani tu. Lakini nyingi kati ya hizi zilikuwa za makampuni, na baadhi zilikuja na kioo cha faragha ambacho HP wanakiita Sure View. Kioo hicho kimetengenezwa ili jirani asisome barua zako: ukikitazama kutoka pembeni kinakuwa cheusi au cheupe kama ukungu. Kwa mhasibu ni kinga. Kwa mtu anayepanga rangi ni balaa, kwa sababu hata ukikaa mbele yake kingo zinaonekana tofauti na katikati. Inua kioo, kiinamishe, sogea kushoto na kulia. Rangi zikibadilika sana, iache, hata kama bei imeshuka. Pengine imeshuka kwa sababu hiyo.

T480 nayo si salama kwenye kioo. Kuna zilizotoka na kioo cha 1366×768, ambacho paneli za Illustrator zinakijaza mpaka mchoro wenyewe unabaki kama stempu ya posta. Tafuta 1920×1080 ya IPS, aina ya kioo ambacho rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kutoka pembeni. Hata hiyo, mwanga wake na rangi zake ni za ofisi. Nyekundu ya kanga itaonekana imefifia. Nikiwa na laptopu hizi mbili mezani, zote zina betri nzima, nachagua ile yenye kioo kizuri zaidi siku hiyo. Vioo vikilingana, nachukua T480.

MacBook Air M1

Niseme wazi kwamba kwa kazi ya rangi, hii ndiyo yenye kioo bora kati ya zote tano. Pikseli 2560×1600, mwanga wa niti 400, na inaonyesha upeo wa rangi wa P3 ambao laptopu za ofisi hazifikii. Photoshop ina toleo lililoandikwa kwa ajili ya chipu hii tangu Machi 2021, Illustrator na InDesign zikafuata mwaka huo huo. Haina feni, kwa hiyo iko kimya kabisa. Inakaa na chaji siku nzima ya darasani, na chaja yake ya wati 30 haitishi inveta yoyote.

Mbona basi simwambii kila mtu ainunue? Kwanza RAM. Iko ndani ya chipu, na nyingi unazozikuta zina GB 8. M1 inajitahidi na 8 kuliko Windows, kwa kuazima nafasi kwenye SSD, lakini mwaka wa tatu ukianza kuhariri video huna pa kuongeza. SSD nayo haibadilishwi, na ya GB 256 inajaa haraka kwa mtu wa picha. Matundu ni mawili tu, yote ya USB-C, hivyo bajeti yako lazima iwe na adapta ya HDMI na ya flashi. Kioo kikipasuka, gharama ya kukibadili inaweza kukufanya ufikirie kununua T480 badala yake.

Kubwa zaidi ni mashine zilizofungwa. MacBook nyingi za mtumba zilikuwa za shule au kampuni, na nyingine bado zimefungwa na akaunti ya Apple ya mwenye nayo wa kwanza au na mfumo wa usimamizi wa kampuni. Leo inawaka vizuri, siku ukiifuta na kuanza upya inakuuliza nenosiri la mtu wa Ulaya usiyemjua. Mwombe muuzaji aifute kabisa mbele yako, aiunganishe na intaneti, aianzishe kama mpya hadi ifike kwenye meza ya kazi. Asiyekubali, muage kwa heshima.

Nani aichukue? Mwanafunzi wa picha, chapa au kurasa za programu za simu, ambaye kozi yake haina hata programu moja ya Windows pekee, na ambaye fedha inamfikisha kwenye ya GB 16 au anajua kwamba hatagusa video nzito. AutoCAD ya Mac ipo, SketchUp ipo, Blender ipo. Revit haipo, na ile njia ya zamani ya kuweka Windows kwenye Mac kwa Boot Camp haipo kwenye M1.

P52 dhidi ya Victus 15

Hapa ndipo mwenzake mpwa wangu alipokaa muda mrefu zaidi, akirudi kutoka duka moja hadi jingine.

Victus ilimvutia. Mpya, ina waranti, prosesa ya Ryzen 5 5600H ina kasi kuliko ile ya P52, na GTX 1650 inaishinda Quadro P1000 kwenye kurenda, yaani kuitoa picha kamili ya mwisho kutoka kwenye modeli. Pia ni kadi ya familia mpya zaidi. Quadro za P52 ni za familia ya Pascal, ambayo NVIDIA wameshaanza kuiachia nyuma kwenye madereva mapya (programu zinazoendesha kadi), na hilo mnunuzi alijue mapema.

Tatizo la Victus za bei ya chini ni kioo. Kimetengenezwa kwa ajili ya michezo: kinaonyesha picha 144 kwa sekunde, ilhali upeo wa rangi ni ule ule duni wa laptopu za ofisini. Niliweka picha moja ya ukuta wa matofali ya kuchoma kwenye Victus na kwenye P52. Kwenye Victus matofali yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. P52 ya kioo cha kawaida cha FHD (1920×1080) ina mwanga wa niti 300 na rangi pana zaidi, na matofali yalikuwa matofali.

P52 ina kitu kingine ambacho sijakiona kwenye laptopu nyingine ya bei yake: sloti nne za RAM, hadi GB 128. Hakuna mwanafunzi atakayefika huko, lakini kufika 32 kwa kuongeza vijiti vidogo vidogo vya bei nafuu ni jambo linalowezekana, na Revit ikiwa na 32 ni raha. Ubaya wake ni mwili. Kilo mbili na nusu, pamoja na chaja kubwa kama tofali, kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi kila siku. Anayekaa hosteli ya chuoni atavumilia. Anayetoka Mbagala kwenda Chuo Kikuu Ardhi kila siku afikirie mara mbili.

Kuhusu Lumion niwe mkweli: kwa zote mbili, GB 4 za grafiki ni kidogo. Mradi wa nyumba moja utakwenda. Mtaa mzima wenye miti elfu utakwama.

Umeme

Watu wanaoandika ulinganisho wa laptopu kutoka nchi zisizo na mgao wa umeme hawalizungumzii hili, nasi ndilo linalotupata usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. P52 na Victus zikiwa kwenye betri zinashusha kasi, na kurenda kwa betri ni kujidanganya. Chaja zake za wati 150 na 170 zitaielemea inveta ndogo au sola ya nyumbani iliyopangwa kwa taa na televisheni. T480, 840 G5 na Air zinachaji kwa USB-C kwa wati chache. Sola ya kawaida inazimudu, na hata baadhi ya pawabenki kubwa za laptopu.

Ukiwa dukani

Nenda na flashi yenye Blender (programu ya bure ya picha za 3D) ya faili la zip, ile isiyohitaji kusakinishwa. Inafunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Fungua mandhari yoyote, irenda kwa robo saa, weka mkono karibu na feni. Laptopu yenye feni iliyojaa vumbi au gundi ya joto iliyokauka itajitaja yenyewe: itapiga kelele, itapunguza kasi, au itazima.

Kisha fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Litatengenezwa faili, soma mistari miwili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ya leo ikiwa chini ya nusu, betri hiyo inahitaji kubadilishwa, na bei ishuke. CrystalDiskInfo itakuambia afya ya SSD. Weka ukurasa mweupe mtupu kioo kizima na utafute madoa, kisha mweusi. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows) uone kama kuna nenosiri. Bonyeza kila kitufe. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye namba ya laptopu, na muuzaji aandike kwa kalamu waranti ya duka ni ya siku ngapi.

Kuhusu programu: usimruhusu muuzaji akuwekee Adobe ya kupasua (iliyovunjwa leseni) kama zawadi. Wanafunzi wamepoteza kazi za muhula kwa virusi vilivyoingia na zawadi hiyo. Autodesk wanawapa wanafunzi AutoCAD, Revit na 3ds Max bure kwa mwaka mmoja, na unahuisha ukiendelea kusoma. Affinity, programu ya usanifu wa picha, imekuwa ya bure tangu mwishoni mwa Oktoba 2025, na kwa nembo na kurasa inakufikisha mbali sana. Blender, Krita na Inkscape ni za bure siku zote.

Walichonunua

Mpwa wangu alichukua T480 yenye i5-8350U, kioo cha IPS, SSD ya GB 256 na RAM ya 8. Kwenye laki nane zake kilibaki cha kutosha kuongeza kijiti cha pili cha 8 siku ile ile, fundi akakiweka palepale kwa dakika kumi. Kioo chake ndicho udhaifu, tunakijua. Mpango wetu ni kumtafutia monita ya Dell ya IPS, hizi za inchi 24 zinazotoka maofisini, muhula wa pili, na kuichomeka kwenye HDMI chumbani. Hadi hapo kazi ya rangi anaichapa karatasi ndogo ya majaribio kabla ya kupeleka bango zima.

Mwenzake alichukua P52 yenye Quadro P2000 na RAM ya 16. Alilalamikia uzito tangu tukiwa Msimbazi.

Na kama mkononi una laki nne tu, usiikimbilie ile i7 ya 2013. Laki nne zinaweza kupata laptopu ya kizazi cha nane yenye mwili uliochakaa, labda betri imechoka, labda mfuniko una ufa; kubali mikwaruzo yote hiyo mradi sloti za RAM ni mbili, kioo ni cha IPS na SSD ni nzima. Kazi nzito zifanyie maabara ya chuo kwa sasa. Betri na RAM utaongeza. Kizazi cha prosesa huwezi kukibadilisha baadaye.